Unyevu wa Ukutani: Tafuta Maji Yanakotoka Kabla ya Kununua Rangi

Masika yanapokatika, hupokea simu nyingi za wenye nyumba wa Dar es Salaam ambao rangi ya kuta zao imevimba na kubanduka kuanzia karibu na sakafu, na lipu ikiguswa inamomonyoka kama unga. Wengi wao wamekwisha kupapaka rangi ya mafuta mahali hapo, au wamebandika marumaru ili doa lisionekane, lakini unyevu umerudi ukiwa umepanda juu zaidi. Jambo hilo lina sababu yake. Maji yaliyomo ukutani hukauka kwa kupitia kwenye lipu, na ukiiziba njia hiyo hutafuta pengine pa kutokea, kwa kawaida juu ya pale ulipoziba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni uchunguzi, na sehemu yake kubwa mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ukizibe pande zote kwa selotepu, kisha ukiache kwa siku moja au mbili. Matone yakijikusanya upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakijikusanya upande wa nje, tatizo ni hewa nzito ya chumbani, na tiba yake ni madirisha kufunguliwa. Angalia pia doa lilipo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe unapoishia. Doa la karibu na dari linatokana na bati au gata. Na doa linaloendelea kukua hata wakati wa kiangazi linatia shaka bomba lililofukiwa. Ili kulihakikisha hilo la bomba, funga koki zote usiku, pamoja na maji yanayoingia kwenye simtanki, uandike namba za mita, kisha uzisome tena asubuhi.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote kimo uani. Juu ya msingi, fundi hutandika tabaka la nailoni nzito au lami, ambalo mafundi wetu huliita DPC, ili maji ya ardhini yasipande kwenye tofali. Tabaka hilo linatakiwa kuwa angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi. Miaka michache baada ya kuhamia, mwenye nyumba humwaga kifusi, hutandaza pevingi, au hujenga bustani ya maua iliyoegemea ukuta, na ardhi hupanda mpaka ikalifunika tabaka lile. Tangu siku hiyo maji hulipita kwa juu. Hakuna dawa ya dukani inayoweza kushinda hali hiyo. Shusha udongo, ondoa bustani ukutani, ujenge sakafu ya nje yenye mteremko wa kama milimita 25 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba, na ufunge gata ili maji ya paa yasirukie ukuta.

Chanzo kikishaondolewa, bomoa lipu mpaka kama milimita 300 juu ya doa linapoishia. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, isioshwe, kwa maana maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha subiri. Kipimo cha kukadiria kinachotumika sana ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, na najua hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, lakini lipu iliyopigwa juu ya ukuta mbichi itabanduka tena. Lipu mpya iwe ya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, na imalizwe kwa rangi ya maji. Mchanga wa baharini ukatae kabisa: chumvi yake huvuta unyevu kutoka hewani, na ikifika kwenye nondo huzitia kutu, ambayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na hivyo kuipasua zege.

Kwa nyumba za zamani za pwani, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ushauri wangu ni mwingine. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Lipu ya saruji huufungia ndani, na jiwe hulainika nyuma yake bila mtu kuona. Tumia chokaa pekee, kwa matabaka membamba, kila tabaka likilindwa na jua na kunyunyiziwa maji, kwa kuwa chokaa hukaza polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa. Fundi akitaka kuongeza saruji kidogo ili kazi iishe haraka, mkatalie, na umwongezee siku.