Je, wajua kwa nini kasuku wa tunduni anajinyonyoa manyoya na wa porini hafanyi hivyo?

Kuna kasuku wa kijivu ukimwona tunduni unashtuka. Kifua kitupu, ngozi imetoka nje ina vipele vipele, mapajani hamna kitu, halafu kichwani manyoya yote yapo na yamelala vizuri kabisa. Na ukiangalia, maji yapo, alizeti imejaa kikopo, tundu limesafishwa, mwenyewe anampenda kama mwanawe. Sasa mbona anajinyonyoa?

Huku Lamu majibu hayakosekani. Wa kwanza atakwambia ana chawa, wa pili ni joto la kaskazi, wa tatu anabadilisha tu manyoya atayaotesha, na hakosi mmoja wa kusema kapigwa jicho. Hili la chawa ndo limeumiza ndege wengi, manake watu wakishaamini ni chawa wanampaka mafuta ya taa, na ndege mapafu yake ni mepesi mno kwa mvuke ule, tena ngozi yenyewe ishajeruhiwa. Wengine wanampaka mafuta ya nazi wakiona ni dawa ya upole, lakini manyoya yakilowa mafuta yanashikana na hayamkingi tena na baridi wala maji. Wadudu wapo, sikatai, ila kasuku anayekaa peke yake ndani ya nyumba miaka na miaka mara nyingi shida yake si wadudu.

Joto nalo silo. Ndege akisikia joto anaachama mdomo, anahema haraka na anatanua mbawa kidogo kuacha upepo upite, na huyu kwao ni misitu ya joto, kuanzia Afrika Magharibi mpaka Kongo, upande wa mashariki unaishia kama Kakamega ambako wamebaki wachache sana.

La kubadilisha manyoya linachanganya zaidi kwa sababu kweli ndege hubadilisha. Hapa usiangalie ndege, angalia sakafu ya tundu. Unyoya uliopukutika wenyewe unaukuta mzima, ncha yake ya chini kavu na safi. Ule alionyonyoa una alama, kijiti cha katikati kimetafunwa, mwingine umekatika nusu, mwingine una damu chini. Na anayebadilisha manyoya anapukutisha kidogo kidogo pande zote mbili sawasawa, haachi kifua kitupu. Kichwa ndo ushahidi mkubwa: kiko salama kwa sababu mdomo wake haukifikii. Ukiona na kichwa kina upara, basi ama kuna mwenzake tunduni anamnyonyoa au ni ugonjwa.

Sasa twende porini. Kasuku wa kijivu kule analala na kundi kubwa, pengine mamia kwenye miti ya mahali pamoja, alfajiri wanaruka kilomita nyingi kwenda kutafuta chakula. Tunda la mchikichi analishika kwa mguu mmoja, analigeuza, anakwangua nyama yake kwa mdomo kidogo kidogo, akimaliza anachukua jingine. Masaa yanakwenda. Hata hawa kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha kahawia tulio nao huku Pwani, unawaona minazini na mibuyuni, kutwa ni kupanda, kuchungulia, kupasua. Wa tunduni anamaliza mlo muda mfupi tu, halafu siku nzima imebaki na hana la kufanya.

Na hapa ndo penye ajabu ambayo wengi hatuijui: hamu ya kutafuta chakula haizimwi na shibe. Ni vitu viwili tofauti. Chukua mzee mvuvi ambaye watoto wake wamekua, kila siku wanamletea samaki mpaka mlangoni na wamemwambia baba pumzika. Njaa hana. Lakini asubuhi utamkuta kakaa anasuka dema, au anashona nyavu ambayo haitaingia baharini, na ukimwondolea ile nyavu kwa kumhurumia haendi kulala, mikono itatafuta kitu kingine cha kushika. Mdomo wa kasuku ndo mikono yake. Umeumbwa kwa masaa ya kukwangua na kupasua, ukimpa alizeti tayari umeondoa njaa lakini kazi ya mdomo iko pale pale, na kitu pekee kilicho karibu, chenye nyuzi za kuchambua, kisichoisha, ni manyoya yake mwenyewe.

Hii imepimwa. Mwaka 1963 Mmarekani Glen Jensen aliwawekea panya chakula cha bure na chakula cha kufanyia kazi, na panya wengi waliendelea kukifanyia kazi hata cha bure kikiwa hapo. Baadaye ikaonekana kwa kuku na ndege wengine pia. Paka wa nyumbani kwenye majaribio ya hivi karibuni walipendelea cha bure, kwa hivyo si sheria ya kila mnyama. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha kazi ya kasuku wachanga wa jamii ya Amazon: kundi moja matundu matupu, jingine lilipewa vitu vya kutoboa na kufungua ili wapate chakula. Wa matundu matupu wakaharibika manyoya, na walipopewa na wao vitu vile hali ikawa nafuu. Halafu mwaka 2021 utafiti ulioongozwa kutoka Chuo cha Guelph, Canada, ukalinganisha kasuku wa aina 50, na aina ambazo porini chakula chao kinahitaji kazi nyingi ya mdomo ndo zilikuwa zinajinyonyoa zaidi. Aina zenye ubongo mkubwa ukilinganisha na mwili nazo zilikuwa na tabia za kurudiarudia zaidi, kama kutafuna vyuma na kuzunguka.

Mtu atasema lakini wa tunduni anaishi miaka mingi. Mara nyingi ni kweli, porini kuna kipanga, njaa na magonjwa, vifaranga wengi hawafiki mwaka. Cookie, kasuku mweupe mwenye rangi ya waridi wa bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, alikufa 2016 akiwa na miaka 83. Ila miaka haikuambii alivyoishi. Utafiti wa Austria wa 2014 uliangalia ncha za vinasaba, zile zinazofupika kadiri kiumbe anavyozeeka, na kasuku wa kijivu waliofugwa peke yao walikuwa na ncha fupi kuliko wa umri wao waliofugwa wawili wawili. Ndege walikuwa wachache, lakini mwelekeo ulionekana.

Kwa aliye naye tayari (na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, awe nacho, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini ilipigwa marufuku 2017): kwanza mwone daktari wa mifugo, kuna virusi na ukosefu wa vitamini A vinavyofanana na hili. Akisema yuko sawa, acha kikopo. Funga mbegu ndani ya majani, ziingize kwenye kifuu cha nazi chenye makumbi, mpe matawi mabichi yasiyopigwa dawa ayabambue, ila parachichi usimpe kabisa ni sumu kwake. Na usingoje awe kifua kitupu, manake kishimo cha ngozi kinachootesha unyoya kikinyonyolewa miaka kinakufa, na hapo hata ukimpa kazi ya kutwa unyoya haurudi.