Kusimuliana: kazi ya hiyo -ana

Mtu wa Tanga ukimuuliza "habari za nyumbani?" atakujibu "nzuri", hata kama usiku kucha hakulala kwa homa ya mtoto. Hakudanganyi, salamu ni salamu. Subiri mkae barazani, kahawa imiminwe kutoka kwenye dele, kashata ivunjwe, ndipo atashusha pumzi: "Ndugu yangu, jana yamenikuta." Hapo kusalimiana kumekwisha, kumeanza kusimuliana.

Kusimulia ni kueleza jambo lilivyokuwa, tangu lilipoanza mpaka lilipofikia, na lazima awepo wa kusimuliwa. Tukitia -ana, kama katika kukopeshana au kutembeleana, kazi inakuwa ya pande mbili: nakupa langu, nawe unanipa lako. Anayezungumza saa nzima habari za nafsi yake kisha akaaga, huyo kasimulia, hajasimuliana na mtu. Na mwenye kusimulia ya jirani asiyekuwapo anafanya umbea. Umbea nao huwaweka watu pamoja, tusijidanganye, ila huwaweka kwa mali ya mwenyewe hayupo.

Kwamba zamu ndiyo yenye nguvu, lipo jaribio maarufu linaloonyesha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake walilichapisha mwaka 1997. Waliwaketisha watu wasiojuana wawili wawili, wakawapa maswali 36 ya kuulizana na kujibiana kwa dakika 45. Yalianza mepesi, mfano ungependa nani awe mgeni wako wa chakula cha jioni, yakazidi kuzama hadi kufika: mara ya mwisho ulilia lini mbele ya mtu? Jozi nyingine zilipewa maswali ya porojo. Waliofunguliana ya moyoni walijiona wamekaribiana kuliko wale wa porojo, ingawa muda ulikuwa uleule.

Ninachokipenda mimi hapo ni ule mwendo wa polepole. Unatoa kidogo, unatazama mwenzako anatoa nini, ndipo unaongeza. Ndiyo maana mtu akikumwagia maisha yake yote ndani ya basi kabla hamjafika Segera, unashuka umechoka badala ya kushuka na rafiki.

Saa nayo ina neno lake. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichapisha uchunguzi wake kuhusu mazungumzo ya Wasani wa jangwa la Kalahari. Mchana walizungumza zaidi kazi, chakula na malalamiko. Hadithi zilikuwa kama asilimia 6 tu. Usiku, moto umewashwa, hadithi zilifika asilimia 81, na nyingi zilikuwa habari za watu wanaowafahamu. Aliyewahi kukaa baraza za Ngamiani, hapa Tanga mjini, baada ya swala ya isha hashangai. Mchana wa siku hiyohiyo, kwenye baraza hiyohiyo, ungesikia bei ya samaki na nani kamdai nani.

Mkoa huu wa Tanga una sababu yake ya kulijua jambo hili. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka walitafutwa vibarua wa mkataba kutoka mbali: Songea, Kigoma, Burundi, Msumbiji. Wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Namba inatosha kwa malipo na kwa mnyapara. Haisemi kwao ni wapi, kamwacha nani, kwa nini hakurudi. "Tanga, waja leo waondoka leo," husema wenyewe, lakini wengi walikuja na hawakuondoka, na wajukuu wao ndio tunaogombania nao kiti barazani.

Nina mzee mmoja hapo ambaye kwa miaka miwili nilimjua kwa bao tu. Ananifunga, anacheka, anaondoka. Jioni moja nilifika sina hamu ya kucheza. Nilikuwa nimekopa fedha nikanunua vifaranga 200, mdondo ukapita, wakafa ndani ya wiki. Sikuwa nimemwambia mtu, mke wangu akiwemo. Sijui kwa nini nilimwambia yeye.

Hakunipa pole wala hakunipa ushauri, na namshukuru kwa hilo, maana ushauri unaokuja mapema huziba mdomo. Alisema "ehe", tena "ikawaje?", kama mtu anayeitikia hadithi. Nilipomaliza akanyamaza, akazungusha kikombe chake, ndipo akaanza habari ya baba yake: kuja kwake kukata mkonge kwa mkataba, kuahidi kwao kwamba atarudi na baiskeli, na kuwa kila mwaka akipata hela ya baiskeli kunatokea jambo. Baiskeli ilipopatikana, wa kuonyeshwa walikuwa wameshafariki. Ilikaa ukutani, haikupandwa. Mzee alijifunzia kuendesha kwa ya jirani.

Kahawa ilikuwa imepoa. Akanigeukia.

"Haya. Na wale vifaranga wako, hakubaki hata mmoja?"

Alibaki mmoja, jogoo. Nikamsimulia habari za huyo jogoo.