Wimbo wa Dani na kodi tatu za gitaa

Kijana mmoja ninayemfundisha gitaa hapa Kisumu alinijia wiki jana na simu mkononi. Alikuwa amemrekodi dani wake, yaani bibi yake kwa Kiluo, akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, na nyuma ya sauti yake ukisikiliza unapata kuku na mlango wa mabati. "Mwalimu," akasema, "kila kodi ninayoweka, wimbo unanikimbia." Nikamwambia apige nisikie. Alikuwa akibadilisha kodi karibu kwa kila silabi, tisa ndani ya mstari mmoja.

Sikumcheka. Miaka ya nyuma nilialikwa kupiga gitaa kwenye arusi upande wa Kakamega, nikajipanga kuwaonyesha watu kwamba nimesoma muziki. Akina mama walipoanza kuimba nikawarushia kila kodi niliyoijua, za maina (za huzuni) kwa za meja (za furaha). Kufika ubeti wa pili walikuwa wamenyamaza, wananitazama tu. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tungoje kwanza umalize?"

(Kwa asiyepiga chombo: kodi hapa si ile ya mwenye nyumba. Ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja.)

Kazi huanza bila gitaa. Imba kiitikio mpaka mwisho, uone ni sauti gani wimbo unaketi juu yake ukiwa umepumzika. Hiyo mara nyingi ndiyo do, noti ya nyumbani. Sikiliza wanaoitikia kuliko anayeanzisha, kwa sababu mwanzilishi hucheza na mstari wake anavyotaka, lakini waitikiaji hurudi nyumbani pamoja. Ukishaipata do, andika wimbo wote kwa solfa, yaani majina ya noti: do, re, mi, fa, so, la, ti. Aliyepitia kwaya ya kanisa tayari ana chombo hiki: ni solfa ileile ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19, na wamishonari wakaja nayo huku. Haijali uko ufunguo gani, yaani do yako iko juu au chini kiasi gani.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Nyimbo nyingi za wazee ninazoletewa kutoka kando ya ziwa na Uluhyani hutumia noti tano tu: do, re, mi, so, la. Fa haimo, ti haimo. Weka hizo tano kando ya kodi tatu kuu za ufunguo wa meja, zinazoitwa kwa nafasi ya noti yake ya msingi ukihesabu kutoka do. Kodi ya kwanza ni do-mi-so. Ya nne ni fa-la-do. Ya tano ni so-ti-re. Tazama vizuri: mi imo katika ya kwanza pekee, la katika ya nne pekee, re katika ya tano pekee. Hizo tatu ni mashahidi wasioyumba. Do ina ndugu wawili, ya kwanza na ya nne. So nayo iko katika ya kwanza na ya tano. Kwa hiyo katika noti tano, tatu zinakutajia kodi moja kwa moja, na mbili tu ndizo za kufikiria.

Lakini usiulize kila noti. Uliza ile inayoangukia pigo zito, pale ambapo anayepiga makofi hupiga bila kufikiri. Zilizo katikati ni wapita njia, waache wapite.

Chukua mstari huu, niliutunga kwa ajili ya somo tu, vipimo vinne, yaani mafungu ya mapigo yaliyotengwa kwa mkwaju:

mi mi so mi / la la do la / so mi re re / do

Tuupige katika G, ambapo kodi ya kwanza ni G, ya nne ni C, ya tano ni D. Kipimo cha kwanza hakina mjadala, mi imejaa, piga G. Cha pili ni la, kwa hiyo C, na ile do ya juu inakaa ndani ya C bila kusumbua mtu. Cha mwisho ni do iliyotulia, G. Mzozo uko katika cha tatu. Kinaanza na so, ambayo inaweza kuwa G au D, halafu mi inavuta kwenye G, kisha re mbili zinadai D. Wimbo ukiwa wa polepole, kama wa kubembeleza, mimi hugawa: G katika nusu ya kwanza, D katika nusu ya pili. Ukiwa wa kuchezwa, napiga D tangu mwanzo wa kipimo na ile mi inapita juu yake kama mtu anayeruka mtaro. Zote mbili ni sawa. Kisichokuwa sawa ni kodi nne kwa noti nne.

Do ikikaa katikati ya mstari, huwa naangalia jirani zake. Ikija kutoka la na kurudi la, kama katika kipimo cha pili, naiacha ndani ya kodi ya nne. Ikija kutoka re, mara nyingi ni safari ya kurudi nyumbani, kodi ya kwanza. Sikio likikataa, sikio ndilo lenye haki.

Kama kuna mtu wa pili anayeimba sauti ya chini, usimfukuze! Sauti mbili hufupisha kazi. Wa juu akiwa kwenye la na wa chini kwenye fa, hiyo ni ya nne. Re juu na ti chini, ya tano.

Jambo moja ambalo wenzangu wa kanisani hubishana nami: D7. Noti inayoongezwa pale ni fa, noti ambayo katika wimbo wa noti tano hakuna mtu aliyeiimba. Ukiiweka kila mara, wimbo wa dani unaanza kunukia kitabu cha tenzi. Mimi huipiga D kavu.

Mkono wa kulia nao una kazi yake. Sikiliza nyatiti, kinubi cha Waluo: nyuzi nane, na mchoro mmoja unaozunguka na kuzunguka huku mwimbaji akisema yake juu. Gitaa za benga, muziki wa dansi wa Kenya, zilijifunzia hapo. Kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, mtindo wa omutibo, ule mpiga gitaa George Mukabi aliouvumisha kabla ya kifo chake mwaka 1963, utakufundisha kuacha kidole gumba kitembee na besi huku kidole cha shahada kikichora wimbo. Kodi tatu zinatosha kabisa mkono ukiwa na kazi.

Kuhusu ufunguo, usimlazimishe mwimbaji aje kwako. Dani huyu anaimba juu kidogo ya G, kwa hiyo tulifunga kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye kipande cha tatu cha shingo ya gitaa, vidole vikabaki na maumbo ya G, C na D huku sauti ikitoka B bapa.

Kijana alirudi jana. Mistari imekaa vizuri, kasoro ubeti wa tatu, ambapo alidai dani "amekosea mapigo." Tukasikiliza tena. Mapigo mawili yamezidi kwa sababu mtoto alilia na dani akarefusha neno ili amtikise. Hatukuhesabu. Tulibaki kwenye G, gumba likitembea, mpaka akaendelea.