Hela mbichi, na ile risiti unayoiacha mnadani

Kila nikienda kuwapiga msasa watendaji wa vijiji huku Dodoma, wananchi wananibana na swali lile lile, ushuru tunalipa kila siku, mbona boma la darasa tulilosimamisha kwa nguvu zetu halijaezekwa mpaka leo?

Ngoja niseme kwanza, hela nyingi za halmashauri zinatoka Hazina, mishahara ya walimu na manesi, ruzuku, miradi, na zinakuja zishapangiwa kazi, huwezi kuchukua hela ya dawa ukachongea barabara. Zile ambazo madiwani wanakaa kugawa wenyewe ni mapato ya ndani, yaani masoko na minada, leseni, vibali vya ujenzi, ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo ya biashara, na ushuru wa mazao (huu anatakiwa alipe mnunuzi jamani, sio mkulima aliyebeba magunia yake kupeleka soko la Kibaigwa). Humo humo asilimia 10 inatoka kwa ajili ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Sasa kinachoumiza ni hela mbichi, yaani makusanyo yanayotumika kabla hayajafika benki. Mkusanyaji yuko mnadani na POS, ile mashine ya kukatia risiti, jioni ana laki mbili mkononi, benki iko mbali, mara bosi anapiga simu pikipiki ya ofisi haina mafuta toa hapo elfu ishirini tutarudisha, kesho mwingine ana msiba, wiki ikiisha mashine inasema laki mbili benki imefika laki na nusu, na lile deni linasoma kwa jina lake. Wengine wala hawakuanza wakiwa wezi. Sheria haina huruma na hilo, hela iende benki yote kwanza ndo itoke kwa bajeti, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka anaandika mambo ya POS na makusanyo ambayo hayakufika benki.

Na kuna ile ya mbuzi ameshauzwa, mkusanyaji anakwambia toa elfu mbili nisikukatie risiti, na wewe unafurahi umeokoa buku! Hiyo hata mashine haiijui, CAG ataionea wapi?

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe pale. Mara ya mwisho nilipokaa kwenye mmoja, mtendaji alisoma dakika nne, akauliza kuna swali, watu wakaanza kunyanyuka, bibi mmoja akanyoosha mkono na risiti zake za mwezi mzima kwenye kitenge, akasema nisomee soko tena, polepole.