Notisi ya siku 90: pale kesi nyingi dhidi ya halmashauri zinapofia

Greda la halmashauri limepita asubuhi. Ukuta wa uzio uko chini na matofali yamesukumwa hadi mlangoni. Una hati ya kiwanja, una picha, una majirani walioona kwa macho yao. Wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria katika hali hiyo huwa tayari wameshahangaika: mmoja amefungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mwingine amemwandikia Mkurugenzi barua ya malalamiko akakaa mwaka mzima anangoja jibu. Haki wanayo, ila wameingilia mlango usio wao.

Mlango wenyewe, hapa Tanzania, uko kwenye Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Zamani halmashauri ilishtakiwa peke yake, hata katika mahakama za chini. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliziweka serikali za mitaa kapu moja na wizara, wakala na mashirika ya umma. Kuanzia hapo, anayetaka kuishtaki halmashauri, ya jiji au ya kijiji, anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwenye shauri, na kulifungua Mahakama Kuu.

Notisi ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Si barua ya kulalamika. Barua inayosema “naomba mnisaidie kuhusu ukuta wangu” haitoshi, hata kama imeandikwa kwa adabu zote. Iseme wazi kwamba unakusudia kuishtaki halmashauri, ieleze chanzo cha madai: nini kilifanyika, lini, wapi, nani alikifanya, na unadai nini. Inaelekezwa kwa halmashauri yenyewe, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Huyu wa pili ndiye ambaye ofisi yake husimama mahakamani kuitetea Serikali kwenye madai, watu humsahau.

Ukiipeleka masjala, nenda na nakala ya ziada igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiambiwa “acha tu hapo mezani mama, bosi akija ataiona,” usiondoke. Muhuri ule ndio ushahidi wako siku wakili wa serikali atakaposimama na kusema hakuna notisi iliyowahi kutolewa.

Halafu hesabu siku, usihesabu miezi. Notisi iliyopokelewa tarehe 2 Februari na shauri likafunguliwa tarehe 2 Mei inaonekana imetimiza miezi mitatu, lakini Februari ikiwa na siku 28, zimepita siku 89 tu. Siku moja hiyo inatosha kuzaa pingamizi la awali, na shauri likaondolewa kabla hakimu wala jaji hajauliza habari za ukuta.

Nani ashtakiwe? Halmashauri, kwa jina lake kamili la kisheria, si Mkurugenzi wala mtendaji aliyekuwa amepanda greda. Halmashauri ya kijiji nayo ni chombo chenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna uwezo huo, kwa hiyo jambo lililofanywa na ofisi ya mtaa linapelekwa kwa halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Mkuu wa Wilaya ni Serikali Kuu, usimchanganye humu. Na jina la Mwanasheria Mkuu wa Serikali likikosekana, sheria inasema mwenendo wote unaharibika.

Kwa maoni yangu, sharti la Mahakama Kuu ndilo zito kuliko yote kwa mtu wa kawaida. Mwanakijiji mwenye mgogoro wa nusu ekari na halmashauri ya kijiji chake, ambaye angemalizana nao kwenye baraza la wilaya, sasa anapanda basi kwenda kwenye masjala ya Mahakama Kuu. Majirani zetu Kenya walikuwa na notisi ya siku 30, na mwaka 2012 Mahakama Kuu yao ikasema sharti hilo linakinzana na Katiba. Kwetu notisi ipo, na inatekelezwa kikamilifu.

Swali linalofuata huwa ni lilelile: je, wakitaka kubomoa na nyumba yenyewe ndani ya hizo siku 90? Hapo kuna maombi ya zuio la Mareva. Jina linatokana na kampuni ya meli iliyokuwa na kesi Uingereza mwaka 1975, na kule lilihusu kuzuia fedha zisihamishwe. Mawakili wetu wamelipa kazi nyingine: kuiomba Mahakama Kuu isimamishe mambo wakati notisi bado haijaisha na shauri haliwezi kufunguliwa. Utatakiwa kuonyesha kwamba notisi umeshaitoa, na kwamba madhara yakitokea fedha haitayafidia.

Wakati huohuo ukomo wa muda, yaani kipindi cha mwisho cha kufungua shauri, unakwenda. Madai ya madhara kwa kawaida ni miaka 3, mkataba 6, ardhi 12. Lakini kama kilichokuumiza kilifanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa, fidia yake ina ukomo wa mwaka 1 tu, na kazi nyingi za halmashauri hufanywa kwa jina la sheria fulani. Ukitaka uamuzi wao utenguliwe kwa njia ya mapitio ya kimahakama, maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi 6. Shauri lililoondolewa kwa kasoro ya notisi linaweza kurudishwa, ila ukomo ukiwa umeshapita utakuwa unarudi bure.

Na ukishinda, usimtume dalali wa mahakama kukamata gari la Mkurugenzi. Mali za halmashauri hazikamatwi kukazia hukumu. Unaiomba mahakama hati inayotaja kiasi unachodai, inapelekwa kwa wahusika, nao wanalipa kutoka kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo usisubiri Juni kuipeleka.