Batman na ukuta uliolala

Wengi waliotazama tamthilia ya Batman iliyorushwa Marekani kati ya 1966 na 1968 huamini kuwa waigizaji walipanda kuta za maghorofa kwelikweli, pengine kukiwa na wavu chini. Kuna sababu ya kuamini hivyo. Batman, shujaa mwenye joho, anatangulia, msaidizi wake Robin anafuata, kamba imekaza, mara dirisha linafunguka na mtu anachungulia, wanapiga soga kidogo kisha safari inaendelea.

Ukuta huo ulikuwa umelazwa sakafuni studioni. Kamera iligeuzwa ubavu, digrii 90, na waigizaji wakatembea wameinama huku wakivuta kamba. Kilichosumbua ni majoho. Ukitembea sakafuni, joho huning'inia kuelekea visigino. Lakini kwa anayepanda ukuta linapaswa kuanguka upande wa barabarani. Basi yalifungwa nyuzi zisizoonekana, yakavutwa kwa nyuma. Mimi hupenda sehemu hii kuliko ngumi zote za tamthilia ile, ambayo hata hivyo ilitengenezwa kama kichekesho. Ni sisi watoto tulioichukulia kwa uzito.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Zuia simu isigeuze picha, simamisha video wakiwa ukutani, kisha ilaze simu ubavu mpaka vichwa vyao vielekee juu. Utaona watu wawili wanaotembea. Angalia joho: limenyooka kwa nyuma, ingawa hakuna upepo. Mgeni wa dirishani naye anachomoza kutoka kwenye shimo la sakafu.