Saplimenti za kitambi: kabla hujatoa hela ya korosho, soma hapa

Hela ya korosho ikishaingia tu, simu zinaanza huku ofisini. Mmoja wa Tandahimba kauziwa kapsuli za "kuyeyusha mafuta mabaya", mwingine wa Masasi kapewa unga wa kukoroga kwenye uji eti unazuia sukari, halafu usiku moyo unamwenda mbio hapati usingizi. Wauzaji wengi nao wanatafuta riziki tu, hawana nia mbaya, wameuziwa maneno na wao wakayauza kama walivyoyapokea.

Na maneno yenyewe yana nusu ukweli, ndo maana yanashika. Seli ya mafuta ni ghala, ukiijaza kupita kiasi inatanuka, oksijeni inaifikia kwa shida, seli za kinga zinamiminika pale, na huo mwasho wa ndani (inflamesheni, mwili unapojihami kana kwamba umeumia) ambao hata huusikii ndo unafanya mwili uache kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ni mabaya kuliko ya mapajani, ndo maana tunapima kiuno, mwanaume chini ya sm 94, mwanamke chini ya 80. Sasa kidonge gani kinazuia hayo? Manjano na resveratroli, kemikali ya kwenye zabibu, vimewafaa zaidi panya wa maabara, kwa binadamu matokeo ni madogo au yanapingana. Mafuta ya samaki yanashusha triglisaridi, aina ya mafuta yanayozunguka kwenye damu, kitambi kinabaki palepale. Chai ya kijani ya kunywa haina shida, ila ile iliyokamuliwa ikawekwa kwenye kapsuli ishaumiza maini ya watu, kwa hiyo habari ya "ni ya asili haina madhara" naomba tuiache, hata tumbaku ni mmea.

Zinazopunguza mwili haraka ndo nazihofia zaidi. Nchi kadhaa zimepima kapsuli zilizoandikwa mitishamba tupu zikakuta sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Muuzaji hajui, mnunuzi hajui, na mwenye presha ndo anaimeza.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ubishi hauishi. Usimamizi wa chakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango, mwaka 2019, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, imebaki na dawa na vifaa tiba. Ila pakiti ikishaandika inatibu au inazuia ugonjwa, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, hiyo inaangukia kwenye dawa, hata ukiiita saplimenti. Lazima isajiliwe, na tangazo lake lipate kibali, hata likiwa la kwenye spika pale stendi au stetasi ya WhatsApp. Cheti cha BRELA, wanaosajili biashara na kampuni, sio usajili wa bidhaa. TIN, namba ya mlipa kodi, sio usajili. Ile mistari myeusi ya kuskani nayo sio usajili, nimeshasema hili mpaka nimechoka. Mkaguzi akikuta mzigo usiosajiliwa anauhesabu mbele yako, anajaza hati ya kukamata, mnasaini wote, nakala unabaki nayo, sampuli inafungwa kwa lakiri inaenda maabara, na mzigo wenyewe hauugusi mpaka majibu yatoke. Ukithibitika mbaya unateketezwa kwa gharama yako, na kesi ikifika mahakamani ni faini au kifungo au vyote viwili. Kusema "nimenunua kwa mtu kule Kilambo" hakukusaidii.

Angalieni na lebo. Kuna chupa ilikuja mezani kwangu, maandishi ya Kichina kote, stika ya tarehe nyeupe safi, ukiikwangua kwa kucha chini yake kuna tarehe nyingine ishapita.

Mwenye metformini, dawa ya sukari, au dawa za presha asiziache kisa kapsuli, na kama ameshaanza kuzimeza amwambie daktari hata kama anaona aibu. Moyo ukienda mbio, macho yakigeuka njano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, acha hapohapo uende kituo cha afya. Beba boksi na chupa na kile kikaratasi cha ndani, maana watu wanatuletea vidonge viwili kwenye gazeti halafu wanataka tujue ni nini.